Neno Nililomnyima Baba

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliingiza gari lake kuukuu uani kwetu hapa Kimironko, akaliinua kwa jeki, akaliweka juu ya matofali na kuanza kuosha vyuma vyake ndani ya beseni la petroli. Nilikuwa nimekaa kibarazani na tasbihi yangu. Harufu ile ilinifikia kabla sijageuza shingo kuona anachofanya, na vidole vyangu vikasimama katikati ya uradi. Gari hilo lina umri sawa na wake, naye ameazimia kulipeleka mpaka Tabora kwenye harusi ya rafiki yake. Jioni aliandika kwenye lile kundi la familia la simu: "Ndugu zangu, nasafiri Jumamosi. Niliyemkosea anisamehe." Haukupita muda, jamaa zetu wa hapa na wa ng'ambo wakawa wamemsamehe, wengi wao kwa picha ya viganja viwili vilivyokutana. Akaja kwangu anacheka. "Bibi, umebaki wewe tu."

Nilimjibu kwa mdomo, nikamwombea dua, naye akarudi kwenye vyuma vyake. Wenzangu mliolelewa katika nyumba kama yetu mnaijua desturi hiyo. Msafiri huwaaga watu kwa kuwataka radhi, maana njia ni ndefu na umri wa mtu uko mikononi mwa Aliyeuumba. Wengi tulilisema neno hilo tangu utotoni bila kulifikiria. Mimi nililifikiria sana mara moja, nikalifikiria vibaya, na nikamnyima baba yangu.

Tulikuwa tunakaa Rwezamenyo. Baba alikuwa fundi cherehani, na jioni alisaidia kufundisha watoto madrasa. Uani, chini ya paa la mabati, ilisimama kamyoneti ya Babu, gari lake dogo la mizigo. Babu alibebea humo chumvi, vitunguu na vitenge katika maisha yake yote ya biashara, na tangu alipofariki, msimu mmoja wa mvua kabla ya haya ninayosimulia, haikuwashwa tena. Kuku wetu mmoja alikuwa anatagia chini ya kiti cha dereva. Nilikuwa na miaka minane. Kila asubuhi niliingia kuchukua yai, kisha nikakaa kidogo nyuma ya usukani, nikinusa ngozi ya kiti ambayo bado ilikuwa na harufu ya ugoro wake.

Ikaja habari kutoka Ujiji kwa Bibi, mama yake Baba, kwamba dada yake ni mgonjwa, macho yake hayaoni tena, na kila akisikia mlango anauliza, "Amefika?" Walikuwa hawajaonana tangu Bibi alipoolewa akaletwa huku. Bibi hakulia. Alikwenda uani, akafungua mlango wa kamyoneti, akamtoa kuku, akamwambia Baba, "Nipeleke."

Ndipo akaitwa Fundi Ramazani, mtu wa Uvira, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko kimo chake. Alifungua boneti, akatazama ndani muda mrefu kama mtu anayesoma barua, kisha akasema, "Baba Zuhura, hii motere haijakufa. Iko na usingizi tu."

Zuhura ndiye mimi.

Kwa siku saba uani kwetu hapakupitika. Fundi alitandika shuka kuukuu la Mama chini, na kila kipande alichokitoa alikipanga juu yake kwa mpangilio wa kutolewa, ili kurudisha kuwe kama kusoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Alisugua buji, zile plagi za kuwashia injini, kwa msasa mpaka zikang'aa. Alifungua breki za magurudumu yote manne, akaosha kila kitu ndani ya beseni la petroli, na ole wake aliyeruka shuka lile. Tangi la mafuta lilikuwa na ufa mwembamba. Alilisugulia kipande cha sabuni ya mche mpaka ufa ukaziba, akasema safari hii inataka miche miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa tangi, na wasije wakaichanganya. Baba naye alifanya kazi aliyoijua. Alishona turubai la kufunika nyuma, kitambaa kigumu kilichomvunjia sindano tatu, na akashona godoro jembamba la kumwekea Bibi kwenye kiti, kwa sababu kiuno chake hakikupenda mashimo.

Mama Uwera, jirani yetu Mkristo, alikuwa anachungulia juu ya ua kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni.

"Yewe, Ramazani, hicho kitu kikifika Ujiji mimi nitasilimu."

"Anza kujifunza kutawadha, mama. Maji ya baridi yanataka mazoea."

Nilicheka kama wengine. Siku zile za mwanzo nilikuwa na furaha tele, maana nilidhani Babu mwenyewe angependa kulisikia gari lake likikohoa tena. Siku ya tano furaha hiyo ikakatika. Baada ya sala ya alasiri, Baba alivaa kanzu yake safi, akanishika mkono, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Mimi ni msafiri," alikuwa anasema mlangoni. "Kama nilikukosea kwa neno au kwa tendo, nisamehe."

Na watu wakamjibu. Mama Uwera alisema gauni alilomshonea kwa ubatizo wa mwanawe lilimbana makwapa tangu siku ile mpaka leo, lakini nta kibazo, si neno, amesamehe, urugendo rwiza, safari njema. Wengine walimkumbatia. Kila mlango ulijibu neno lile lile, nimekusamehe, na kila niliposikia nilihisi baridi inapanda kutoka miguuni.

Lazima niwaeleze sababu. Siku aliyofariki Babu nilikuwa nimetumwa dukani. Niliporudi, sebule ilikuwa imejaa watu, na Babu amelazwa kuelekea kibla. Ami yangu alikuwa anawauliza waliokuwamo, mmoja mmoja, kama wamemsamehe mzee. Wote walijibu wamemsamehe. Kisha ami akaniona mlangoni na kifurushi cha sukari mkononi. "Na wewe, Zuhura?" Nilifurahi kuhesabiwa pamoja na wakubwa. Nikasema kwa sauti ya juu, kama ninavyosoma darasani, "Nimemsamehe." Babu akavuta pumzi moja ndefu, na hakuvuta nyingine.

Hakuna aliyeniambia kitu, na mimi sikumwuliza mtu. Nilijijibu mwenyewe. Nilielewa kwamba mtu hushikiliwa duniani na wale ambao bado hawajamsamehe, na kwamba akishasamehewa na wa mwisho, kamba imekatika, anakwenda. Wa mwisho kwa Babu nilikuwa mimi. Kwa msimu mzima nilibeba jambo hilo peke yangu, kimya, kama kokoto ndani ya kiatu cha mtoto ambaye hajui kwamba kiatu kinaweza kuvuliwa. Na sasa Baba, mzima kabisa, alikuwa anatembea mtaani kwetu akizikata kamba zake kwa mikono yake mwenyewe.

Siku moja kabla ya safari alitukusanya nyumbani. Alianza na Bibi, naye akamwekea mkono kichwani. Akamgeukia Mama, na Mama akasema, "Nimekusamehe, hata yale ambayo hutayakumbuka kuyaomba," akacheka huku anajifuta macho kwa upande wa kanga. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Nikabaki mimi.

"Na wewe, mwanangu?"

"Sikusamehe."

Mama alinikazia macho. "Zuhura, acha upuuzi. Sema umemsamehe baba yako."

"Mwache," Baba alisema. "Msamaha wa kuamrishwa si wangu wala si wake."

Aliinamisha kichwa akafikiri. Niliona uso wake ukibadilika polepole, na nilipokuwa nadhani atakasirika, nikaona ameona haya.

"Ni kwa ajili ya mkasi," alisema.

Sikujua anasema nini. Ilibidi anikumbushe. Miezi mingi nyuma mkasi wake mkubwa wa kukatia ulipotea, akaniuliza, nikasema sikuugusa, akanichapa kwa kusema uongo. "Siku ya pili yake niliukuta ndani ya mfuko wa koti langu," alisema mbele ya mama yake na mbele ya mke wake. "Niliona aibu kukuambia. Nikanunua njugu nikakupa, nikadhani yamekwisha. Nilikudhulumu, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mkasi ule niliupoteza kweli. Nikaanza kulia na kutikisa kichwa. Alidhani kosa lake ni zito kuliko alivyolipima. Akasema safari haitakuwa kesho.

Asubuhi kamyoneti ilisimama imebeba kila kitu: madebe ya maji, mipira miwili ya akiba ya magurudumu, pampu, miche miwili ya sabuni, kikapu cha Bibi cha vitumbua vya njiani. Fundi Ramazani, aliyekuwa afuatane nao, alifika na mfuko wake wa spana akamkuta Baba amekaa mbele ya cherehani hashoni.

"Kuna nini? Motere iko tayari."

"Zuhura hajaniridhia."

Fundi alinitazama, akamtazama Baba. "Basi motere ni nzima. Mutoto ndiye amekwama."

Bibi hakucheka. Alikuwa amevaa buibui tangu alfajiri. Alisema, bila kunitazama, "Dada yangu anauliza mlango kila siku. Atakufa anauliza, kwa sababu ya kinywa cha mtoto." Nilikimbilia ndani ya kamyoneti, nikajifungia. Sasa nilikuwa na watu wawili mikononi. Nikisema, Baba anakufa. Nisiposema, nyanya yule wa Ujiji anafumba macho bila ya dada yake.

Fundi Ramazani hakuja kunibembeleza. Alikuja kulegeza na kukaza skrubu ya kioo cha pembeni ambayo haikuwa na ubaya wowote, karibu na sikio langu.

"Alikufanyia nini baba yako? Mbali na hiyo ya mkasi."

"Hakunifanyia kitu."

"Unamupenda?"

"Nampenda."

"Sasa?"

"Nikimsamehe atakufa kama Babu."

Bisibisi ikasimama. Aliinua kichwa akaita, si kwa sauti kubwa, "Baba Zuhura. Kuja hapa. Kuja mbiyo."

Baba alikaa kwenye kiti cha abiria, juu ya godoro la Bibi, na nikamweleza yote: kifurushi cha sukari, ami, pumzi ile ndefu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba Babu alikuwa anakwenda tayari, kwamba siku ya mwisho ya mtu imeandikwa kabla watoto wa watoto wake hawajajua kusema, na kwamba neno langu lilimfikia kama maji ya kunywa, halikumsukuma. Nilimsikia. Lakini mtoto haamini kwa sababu ameelezwa vizuri. Nikamwuliza, "Kwa hiyo wewe hutakufa huko?"

Mtu mwingine angesema sitakufa. Baba akasema, "Sijui, mwanangu. Hata hapa kwenye cherehani sijui."

"Basi sikusamehe."

Akatazama mbele kupitia kioo, mahali ambapo Bibi alikuwa amesimama na kikapu chake. Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo maisha yangu yote.

"Basi usinisamehe leo. Kaa na msamaha wangu, uwe amana kwako. Nikirudi nitakuja kuuchukua kwa mkono wangu. Nitake nisitake, itabidi nirudi."

Bibi alimsikia. "Utasafiri na haki ya mtu shingoni?"

"Mwenyezi Mungu anamjua mwenye haki na anaijua sababu," alisema Baba. "Panda, Mama, jua linapanda."

Wakati ule niliona amefanya hila ya kunifurahisha. Baadaye nilisoma, nikakaa mbele ya walimu, na mimi mwenyewe nimefundisha wanawake na wasichana kwa miaka mingi. Najua sasa uzito aliojitwika. Mtu aliyepita milango yote ya mtaa asiache hata gauni la kubana makwapa bila radhi, alikubali kuingia njia ndefu na dhuluma yake kwa mtoto haijafutwa, alimradi mtoto huyo apate usingizi. Kila ninapofundisha habari za huruma ya mzazi, huwa namfikiria yeye akipandisha kioo cha kamyoneti na kunipungia.

Waliondoka. Mama Uwera alitoka amejifunga kitenge chake kusikiliza gari likipanda mlima wa barabara kuu, na liliposhika gia bila kuzima akasema, "Hee," akarudi ndani anafikiri.

Walikuwa wameahidi siku nane. Siku hizo nililichunga lile neno kama mtu anayebeba maji kwa kiganja. Mtoto mwenzangu akinikanyaga madrasa na kuniomba radhi, nilitikisa kichwa tu, nisije nikalisema likapotea njia na kumfikia Baba. Siku ya nane ikapita. Ya tisa ikapita. Mvua zilikuwa zimeanza, na watu waliotoka upande wa Rusumo walisema ng'ambo ya mpaka barabara imelainika. Mama alipika chakula cha watu wanne na kukirudisha jikoni. Siku ya kumi mwalimu alitufundisha madrasa, bila kujua chochote cha nyumbani kwetu, kwamba haki ya mtu mwingine haifutwi ila na mwenyewe, na kwamba anayekufa nayo hukutana nayo mbele.

Nilitoka pale bila kuwangoja wenzangu. Nilikuwa nimedhani nimemshika Baba asiende. Kumbe kama amekwisha kwenda, nimemfungia mlango.

Siku ya kumi na moja, baada ya alasiri, nilikwenda uani pale iliposimama kamyoneti. Palikuwa na doa jeusi la oili na manyoya ya kuku. Sikuwa na njia ya kujua lipi ni sahihi. Nilijua tu kwamba sitaki Baba awe na mzigo popote alipo, awe hai au la, na kwamba hilo lilikuwa kubwa kuliko hofu yangu. Nikasema, polepole, mara moja, "Baba, nimekusamehe." Kisha nikakaa chini nikangoja dunia iharibike.

Haikuharibika. Mama aliniita kupepeta mchele.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa inakohoa kwa namna ambayo hakuna gari jingine la mtaa lililokohoa. Iliingia uani nyekundu kwa tope mpaka kwenye kioo, turubai limechanika upande mmoja, inanuka mawese na dagaa. Fundi Ramazani aliruka kutoka nyuma akaenda moja kwa moja kupiga hodi kwa Mama Uwera. Bibi aliteremshwa kama yai. Alisema dada yake alimtambua kwa kumpapasa vidole, na kwamba kwa siku nne walizungumza mpaka wajukuu wakawaletea chakula walipokaa, kwa kukata tamaa kwamba watanyanyuka. Alisema hayo yote kabla hajafunga mlango wa gari. Sikuwahi kumwona mwepesi namna ile.

Baba alibaki kwenye usukani. Aliponiona alifungua kiganja chake, kimejaa grisi, akakinyoosha nje ya dirisha.

"Nimekuja kuchukua amana yangu."

Nilishindwa kumtazama. "Sina," nikasema. "Nimekwisha kuitoa. Jana, baada ya alasiri."

"Jana baada ya alasiri." Akahesabu njia kichwani. "Jana wakati huo tulikuwa ng'ambo ya Rusumo. Springi ilikuwa imekatika, Ramazani yuko chini ya gari, na mimi nimekaa kando ya barabara nakula hindi la kuchoma."

"Hukufa?"

"Sikufa."

"Hukuhisi kitu?"

Alifikiri kwa haki, kwa sababu nilikuwa nimeuliza kwa haki. "Nilihisi njaa bado," alisema. "Nikanunua la pili."

Nilisimama pale na mkono wangu ndani ya kiganja chake chenye grisi, na nikaona jambo likinifungukia moja kwa moja, bila mtu kunieleza. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwangu, na mtu aliyesamehewa alikuwa amekula hindi la pili. Basi na siku ile sebuleni, mimi na kifurushi changu cha sukari, hatukumfanya Babu kitu. Alikuwa ameondoka tu, kama wazee wanavyoondoka. Nikaanza kulia kwa sauti, na Baba alidhani ni kwa ajili yake, akashuka upesi akanikumbatia na tope lake lote. Lakini nilikuwa namlilia Babu. Nilikuwa na msimu mzima wa kumlilia, na Alhamdulillahi, sasa nilikuwa naruhusiwa.